Ng'ambo ya Barabara Bei ni Nafuu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, na ninawashukuru. Ni zawadi iliyofikiriwa sana, kumpa saa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni hapa Moshono, juu ya runinga, na kila asubuhi inanikumbusha kwamba sasa hivi mnafungua kufuli la dirisha, na nje mteja wa kwanza ameshasimama anausoma ubao wa bei kwa uso wa mtu aliyeibiwa. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi ya kubadilisha fedha. Labda yalikuwa maneno ya heshima tu, ya kusindikizia keki, lakini mmeshayasema na mimi nimeshanunua kalamu.

Vyeo sitaviandika, kwa sababu duka letu lilikuwa na vyeo viwili: mwenye duka na sisi wengine. Mshahara mnaujua wenyewe, tuuache upumzike.

Niliingia kazi hii mwanzoni kabisa, serikali iliporuhusu maduka ya fedha za kigeni na nusu ya mji wa Arusha ikagundua kwamba ilizaliwa na utaalamu wa dola. Mimi sikuzaliwa nao. Nilikuwa karani katika duka la vitambaa la Mama Hansa, mjane wa Kihindi ambaye familia ya marehemu mume wake iliuza vitambaa kwenye barabara ile tangu enzi za babu zao. Kazi yangu ilikuwa kupima vitenge na kuwahakikishia wateja kwamba rangi haichuji. Jumatatu moja nilifika nikakuta majora yameondolewa, fundi anapachika kioo kinene mbele ya kaunta, na Mama Hansa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote anakunywa chai. Akaniambia kuanzia leo tunauza fedha. Nikamuuliza tutazipimaje. Akasema kwa vidole, kama kitambaa.

Hakuwa anatania. Alinifunga macho kwa mtandio wake akawa ananipa noti moja moja, nzuri na mbaya zimechanganywa, na kila nilipokosea aligonga meza kwa kijiko. Kwenye dola mia, yule mzee aliyechorwa amevaa koti, na bega la koti lake linakwaruza kidogo ukipitisha ukucha. Bega likiteleza, hiyo si noti, ni picha. Alinifundisha pia namna ya kuirudisha. Usimwambie mteja kwamba noti yake ni bandia, mwambie mashine imeikataa, maana mashine haina mama wa kutukanwa. Wakati huo hatukuwa na mashine yoyote. Ilikuja miaka mingi baadaye, ikakuta imeshalaumiwa vya kutosha.

Ninyi ubao wenu unawaka taa nyekundu na kujibadilisha wenyewe. Wa kwetu ulikuwa wa mbao, wenye mifereji ya kupachika namba za plastiki, na namba nane zilikuwa mbili tu kwa duka zima. Moja ilianguka ikakanyagwa, ya pili ikahodhiwa na dola. Kwa hiyo kuna kipindi pauni ya Mwingereza ilikwepa nane zote, ikawa inaruka kutoka saba kwenda tisa, na mabwana wenye mikoba walisimama dirishani wakanieleza sababu za kiuchumi za mruko huo. Niliwasikiliza kwa adabu. Mama Hansa aliagiza namba nyingine Nairobi, na uchumi wa Uingereza ukatulia.

Ubao ule ulikuwa na safu mbili, bei tunayonunulia na bei tunayouzia, na ya kuuzia ndiyo kubwa siku zote, kwa sababu na sisi tunakula. Jambo hili nimelieleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa mikono. Haikusaidia. Mteja huchagua safu inayompendeza, na ukimwonyesha ya kwake anakutazama kana kwamba umeibadilisha alipopepesa macho.

Watalii walikuwa somo la peke yao. Mtu amelipa maelfu ya dola aje kumwangalia simba aliyelala, kisha anaacha gari linaunguruma nje, linachoma dizeli, anazunguka maduka yote ya barabara yetu kutafuta nyongeza ya shilingi tano kwenye noti ya dola ishirini. Mmoja nilimpigia hesabu ya faida yake nzima. Ilitosha pipi moja. Alifurahi kweli, akampa dereva wake mkono.

Halafu kuna noti zenyewe. Hapa kwetu, kama mnavyojua, dola si dola tu. Noti ya mia ina bei yake, ya ishirini ina bei yake, na zile za moja moja tunazipokea kama mgeni aliyekuja na watoto sita bila taarifa. Noti za zamani zenye kichwa kidogo hatuzitaki kabisa. Mtalii ananiuliza kwa hasira kama sijui kwamba noti hiyo ni halali kwao. Ninajua, nilikuwa nikimjibu, na ni vizuri, kwa sababu ataitumia akirudi kwao. Siku hizi anaongeza na simu. Anaibandika kwenye kioo ili nione bei ya dunia. Ni bei nzuri, hata mimi naipenda, na mara zote nimemshauri mwenye simu aiombe imhesabie hizo shilingi, na zikitoka aniite na mimi.

Kulinganisha bei si dhambi. Ila watu wanalinganisha ubao na ubao, na ubao hauna dola ndani yake. Kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunikata mshahara, waambieni wateja wenu ukweli: waanze kwa kuuliza kama dola zipo. Kisha waulize ni noti gani, na kama kuna makato, na mwisho waseme, nikikupa shilingi zangu zote hizi, ninatoka hapo mlangoni na dola ngapi? Duka linaloanza kusimulia hadithi hapo, waondoke. Bei nzuri kuliko zote mjini huwa ni ya duka lisilo na dola. Ni rahisi sana kuuza kwa hasara kitu ambacho huna.

Ulifika wakati maduka mengi ya aina yetu mjini yalifungwa. Mliokuwapo mnakumbuka, na ambao hamkuwapo mtasimuliwa na mtu mwenye ujasiri kuliko mimi. Mimi niliuza mayai Kimandolu, na nikagundua kwamba mnunuzi wa mayai na mnunuzi wa dola ni mtu yule yule. Anashika mali yako, anaigeuza, anaielekeza kwenye mwanga, halafu anakuambia kwamba ng'ambo ya barabara bei ni nafuu. Maduka yaliporuhusiwa tena, Mama Hansa alinipigia simu akaniuliza kama vidole vyangu bado vipo. Nikamwambia vipo, vinanuka kuku tu.

Basi ni baada ya kurudi, wakati ule dola zilipoadimika mpaka wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai wakawa wanatusalimia vizuri, ndipo alipokuja Mzee Lomayani. Huyo ndiye ninayetaka muwe naye kichwani kila mnapokutana na mteja anayewachosha, kwa sababu hakuna aliyewahi kunichosha zaidi yake.

Alitoka kule juu, upande wa magharibi wa mlima, mkulima na mfugaji, amevaa koti la suti juu ya shuka na kofia ya kanisani. Alikuwa na binti yake, Naserian, mwalimu wa shule ya msingi huko Olasiti. Mlangoni kwetu kuna ngazi chache tu, ambazo ninyi hamjawahi kuziona kama ngazi, na Naserian alizipanda ameshika ukuta, akasimama katikati apumue, akamalizia, akakaa kwenye benchi la wateja akiwa amefumba macho. Valvu moja ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Madaktari walishawasiliana na hospitali moja India, kitanda kipo, nafasi ya ndege imeshikwa, na walisema wazi kwamba mwezi ule usiishe akiwa bado yuko hapa. Kilichobaki ni dola elfu sita za kulipia matibabu na kula huko. Kanisa lao liliunda kamati ikachangisha, na mzee akauza madume yake kujazia. Habari ya kutuma kwa benki hakutaka kuisikia. Fedha aliyoiamini ni ile inayobonyea ukiishika.

Nilimwamkia, akaitikia, akausoma ubao, akaniuliza bei ya mwisho. Nikamwambia ni hiyo hiyo ya kwanza. Akanitazama kwa huruma. Akaomba kuona bidhaa, nikamwonyesha noti moja ya mia kupitia kioo, akaniashiria niigeuze mgongo, niigeuze pembeni, akaitazama muda mrefu kama anayetafuta kilema cha mguu. Mwishowe akasema imekonda. Akamwambia binti yake amsubiri, akatoka.

Msicheke, maana mzee alikuwa anafanya biashara kwa namna aliyoijua, na aliijua vizuri. Mnadani hakuna mtu mwenye akili anayenunua kwa bei ya kwanza. Unamkagua ng'ombe, unamdharau, unaondoka, unazunguka kwa wengine ili mwenye ng'ombe akuone unazunguka, unakunywa hata chai. Jua likianza kushuka unarudi. Muuzaji ameshachoka, anaiwaza njia ya kurudi nyumbani na mnyama yule yule aliyemswaga kutoka mbali, na bei inaanguka yenyewe. Mzee Lomayani alipata kila alichokuwa nacho kwa njia hiyo. Kwa hiyo alizunguka maduka yote, akanywa chai, na tulipokaribia kufunga akarudi na uso wa mtu aliyekuja kuchukua chake. Akakuta dola imepanda.

"Imepandaje na jua linazama?" aliniuliza.

Nikamwambia dola hairudishwi nyumbani kwa miguu, mzee. Hakuipenda hiyo. Akamchukua binti yake wakaondoka.

Kesho yake walirudi na kamati. Mnazijua kamati zetu. Hizi zinaweza kuozesha mtu, kuzika mtu na kujenga mnara wa kanisa, mradi kila jambo lijadiliwe na watu wote na lifungwe kwa sala. Wajumbe walitawanyika mjini, kila mmoja na duka lake, wakawa wanampigia mzee kumtajia bei, naye aliweka simu kwa sauti kubwa ili asikosee. Foleni yangu yote ikawa inasikiliza bei za washindani wangu bila kutoka nje. Mara mjumbe mmoja akapiga kelele kwamba kapata bei ya chini ajabu kule karibu na soko, kamati nzima ikatoka mbio, ikarudi baada ya kitambo inatembea taratibu. Dola hazikuwepo. Ubao ulikuwepo, tena mzuri.

Siku zile zote Naserian alikaa kwenye benchi, kwa sababu kuzunguka nao hakuweza. Alikuwa na madaftari ya wanafunzi wake, anasahihisha, anapumzika, anasahihisha. Tulizoeana kupitia kioo. Nilimuuliza kwa nini asilale nyumbani, akasema baba yake anataka awepo, maana dola zikipatikana wanaondoka moja kwa moja kwa wakala wa tiketi. Akacheka kidogo kwa pumzi aliyokuwa nayo.

"Mimi hapa ni ng'ombe wa mnadani, mama," alisema. "Ila mimi wananizunguka bila kuuliza bei yangu."

Hapo hasira ilinipanda. Sikuajiriwa kuwahurumia wateja, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeifanya kazi hiyo vizuri sana, lakini midomo ya yule binti ilikuwa inageuka rangi mbele ya macho yangu na kamati inajadili shilingi. Nilikwenda nyuma nikamwambia Mama Hansa tumuuzie mzee kwa bei ya siku ile ya kwanza, tupate hasara tuachane. Mama Hansa, ambaye hakuwahi kumpunguzia hata mchungaji, alimtazama mzee kupitia kioo, akakoroga chai yake, akasema nimpe bei hiyo, nione atafanya nini.

Nikarudi dirishani nikamtajia. Nilidhani atafurahi. Alivuta koti lake, halafu akasema kama sisi tumeweza kushuka hapo, basi lazima kuna mtu anayeweza kushuka zaidi. Akataja bei nyingine, chini ya ile kwa shilingi ishirini, bei ambayo haikuwa kwenye ubao wowote Arusha nzima. Akasema atangoja.

Mama Hansa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia taratibu, "Huyu hatafuti bei. Anaogopa."

Na ilikuwa kweli, ningeliona mapema kama ningekuwa nawatazama wateja usoni na si mikononi. Mzee yule hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa anampeleka mtoto wake nchi asiyoijua, apasuliwe kifua na watu asioijua lugha yao, na mpaka bei ikubaliwe, safari ilikuwa haijaanza. Kila shilingi aliyoipigania ilimpa nusu siku nyingine ya kuwa naye hapa, benchini, anasahihisha madaftari. Mnadani bei isipokubaliwa kila mtu anarudi na ng'ombe wake. Nadhani ndicho alichokuwa anakitaka bila kujua, arudi na wake.

Siku iliyofuata Naserian hakuweza kupanda zile ngazi. Wajumbe wawili walimshika mikono wakamkalisha. Hakutoa madaftari. Mzee akaja dirishani, akauliza kama nimefikia bei yake, nikasema sijaifikia, akasema basi atazunguka kwanza. Alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni binti yake alipoongea, na aliongea na mimi, si na yeye.

"Mama, hiyo tofauti ya bei yako na bei ya baba, kwa dola zote, inakuwa shilingi ngapi?"

Nikapiga hesabu. Nikamwambia laki moja na ishirini.

"Baba, mnadani laki na ishirini ni nini?"

Mzee alijibu papo hapo, kwa sababu hilo ni swali alilolijua. "Mbuzi jike. Mzuri, wa kuzaa."

"Huyo mbuzi," Naserian alisema, "utamchinja siku gani?"

Kwetu huku mtu akifariki lazima kitu kichinjwe, na hakuna mjumbe aliyehitaji kuelezwa. Mimi niliangalia vidole vyangu. Mzee alibaki amesimama akiutazama mlango, na nilimwona mabega yakishuka. Kisha alirudi, akafungua mfuko wa rambo aliokuwa ameufungia kwenye shuka, akauweka mbele ya kioo.

"Hesabu, mama," alisema.

Nilihesabu. Mashine ilikwama, kama inavyokwama siku zote ukiihitaji, nikamalizia kwa vidole. Nilimchagulia noti za mia, mpya, zenye mabega makali, maana nilitaka asipate mtu wa kumkatalia hata moja huko aendako. Yeye aliyeikagua noti moja mbele na nyuma siku ya kwanza hakuitazama hata mojawapo. Alizifunga kwenye leso, akazitia kifuani, akamshika binti yake mkono, wakateremka ngazi moja moja. Ndege waliiwahi. Hilo mjumbe mmoja alipita kuniambia. Baada ya hapo sikusikia kitu.

Sijui kama mmewahi kugundua kwamba kazi hii haina mwisho wa habari. Mtu ananunua dola za harusi, za msiba, za mtoto aliyekwama China, anaondoka nazo, na wewe hupati kujua. Nilikuwa nimezoea. Nilijiambia nimezoea. Lakini mvua zilikuja zikaisha, na kila kofia ya kanisani iliyopita nje ya kioo niliinua macho. Mara mbili nilirudisha chenji vibaya. Mama Hansa aliliona hilo na hakugonga meza.

Akaja asubuhi moja, peke yake. Koti lile lile, shuka lile lile. Alipanda ngazi, akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye benchi, akakaa pale alipokuwa anakaa binti yake. Mkononi alikuwa na bahasha. Tunazijua bahasha hizo, za watu wanaorudi na dola zilizobaki. Ubao hakuutazama. Nilimwamkia, akasema marahaba, basi. Hakuniuliza bei ya kwanza wala ya mwisho. Mzee Lomayani alikuwa amekaa ndani ya duka la fedha kama mtu asiye na haja ya kulinganisha kitu chochote tena.

Nilitamani aniambie noti zangu zimekonda. Nilitamani kamati iingie na simu zao. Nyuma yangu nilisikia Mama Hansa anaweka kikombe chini. Mnajua sheria ya duka, mlango wa ndani haufunguliwi wakati wa kazi hata jengo likiungua. Niliufungua. Nikazunguka kioo, nikaenda kukaa naye benchini, na kwa kuwa sikujua maneno mengine, nikamuuliza Naserian yuko wapi.

Alivuta pumzi ndefu, akavua kofia, akajifuta jasho.

"Amenichosha," alisema. "Tangu asubuhi ananizungusha mji mzima, duka kwa duka, anaangalia bei. Mimi miguu imekwisha. Nimemwambia azunguke mwenyewe, atanikuta hapa kwenu."

Hapo hapo Naserian mwenyewe akaingia. Alikuwa amenenepa, amesuka nywele, na juu ya shingo ya blauzi ncha ya kovu ilionekana kidogo, nyekundu bado. Akaniamkia, akanishika mikono yote miwili, akaona machozi yananitoka akayaacha. Kisha akageuka akausoma ubao wetu, safu ya kununulia, ile ambayo kweli ilikuwa ya kwake. Mwalimu ni mwalimu.

"Mama, mko chini," alisema. "Ng'ambo wametuzidi shilingi tatu."

Nikamwambia kwa dola chache hizo shilingi tatu hazimnunulii hata maji ya kunywa.

"Najua," alisema. "Lakini si naweza kwenda?"

Akachukua bahasha kwenye mkono wa baba yake. Mzee alinitazama kuomba msaada, mimi sikuwa na msaada wa kumpa. Mama Hansa akauliza kutoka ndani ni nani ameacha mlango wazi na fedha zote ziko kaunta. Nikamwambia ninakuja, na sikwenda. Nilisimama kwenye ngazi zetu nikimwangalia mteja wangu anavuka barabara kwenda kwa mshindani, anaipungia mkono bodaboda impishe, mpaka alipofika duka la ng'ambo na kuzipanda ngazi zao mbili mbili, bila kushika ukuta.